Kilo Hamsini Sebuleni: Barua za Waliomchukua Mbwa Mkubwa wa Kulea

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu safari hii zimeandikwa na watu waliokwenda kwenye kituo cha kutunzia wanyama walioachwa wakiwa na nia ya kutazama tu, wakarudi nyumbani na mbwa ambaye akisimama kwa miguu ya nyuma anawafikia mabegani. Ninaifahamu safari hiyo. Nimeishi na mbwa watatu wa namna hiyo, mmoja baada ya mwingine, na wote waliingia nyumbani kwangu wakiwa wamekwisha kukomaa, wakiwa na tabia ambazo sikuwafundisha mimi na hofu ambazo sikuwatia mimi. Ninajibu barua hizi nikiwakumbuka hao, na pale jambo linapomhitaji daktari wa mifugo nimesema hivyo waziwazi.

SWALI: Ndugu mshauri, tumemchukua dume wa kilo 46 anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka minne. Siku za mwanzo alikuwa mpole mno: alilala kwenye kona ya ukumbi, hakubweka, hakugusa kitu. Sasa ni siku ya kumi na nane naye amebadilika kabisa. Anabweka mlango ukigongwa, anabeba viatu vyetu, na usiku anazunguka chumba hadi chumba. Mume wangu anasema tulidanganywa kuhusu tabia yake. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, hamkudanganywa na mtu yeyote. Mbwa mliyemwona siku zile za mwanzo hakuwa mpole. Alikuwa ameganda kwa woga. Mnyama asiyejua yuko wapi, nani atamlisha na mlango upi unaelekea nje hujikunyata pembeni na kungoja yatakayompata, nasi tunaomtazama tunausifu utulivu wake. Watu wanaotunza mbwa walioachwa wana kipimo chao cha kukadiria jambo hili: siku 3 za kupungukiwa na hofu, wiki 3 za kuizoea ratiba ya nyumba, na miezi 3 ya kuanza kujihisi yuko kwao. Hiyo si sheria, na wako mbwa wanaohitaji muda mrefu zaidi. Dume wangu wa pili alikaa karibu mwaka mzima kabla ya kuthubutu kulala chali mtu akiwa chumbani. Hata hivyo kipimo hicho kinatosha kuwaonyesha kwamba katika siku ya kumi na nane mbwa wenu hajaharibika, bali ndiyo kwanza ameanza kujitokeza alivyo.

Kubweka mlango ukigongwa kunaonyesha kwamba ameanza kuihesabu nyumba hiyo kuwa ni yake. Msimkemee kwa kelele, kwa sababu sauti zenu kubwa humfanya aamini kwamba hata ninyi mmeshtuka. Mwendeeni, semeni naye kwa sauti ya chini, mwiteni atoke mlangoni, kisha mpeni kitu kidogo cha kutafuna akiwa kwenye godoro lake. Jambo hili likirudiwa siku nyingi bila kuchoka, godoro litakuwa mahali anapokwenda mwenyewe kila mlango unapogongwa.

Kuhusu viatu, ningependa mumtazame vizuri kabla hamjamnyang'anya. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa akichukua kiatu kimoja tu, na daima kilikuwa cha mtu aliyetoka nyumbani asubuhi hiyo. Alikibeba hadi kwenye godoro lake, akakilaza katikati ya miguu ya mbele, akaweka kidevu juu yake bila kukitafuna, na hapo ndipo alipolala hadi mwenye kiatu aliporejea. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, ilhali ya binadamu ina takriban milioni 5 au 6, na katika nyumba nzima hakuna kitu kinachobeba harufu ya mtu kama kiatu chake. Kwa mbwa aliyekwisha kupoteza nyumba moja, kuishika harufu ya mtu aliyeondoka ni namna ya kujituliza. Fungieni viatu kabatini, na badala yake mpeni fulana kuukuu mliyoivaa, isiyofuliwa, aiweke kitandani mwake.

Kuzunguka usiku nako kuna sababu. Mbwa aliyelala miezi mingi kituoni amezoea kusikia pumzi za mbwa wengine, kwa hiyo ukimya wa ukumbi wenu ni mgeni kwake. Lisogezeni godoro lake hadi karibu na mlango wa chumba chenu cha kulala, mtoeni nje kujisaidia kabla hamjazima taa, na baada ya wiki chache mwaweza kulirudisha kidogo kidogo mpaka mahali mnapopataka. Vivyo hivyo, mkitaka azoee kubaki peke yake, anzeni kwa dakika mbili, kisha tano, kisha kumi. Kumwacha siku nzima katika wiki za mwanzo ni kumthibitishia kwamba ameachwa tena.

Jambo ninalowaomba kwa msisitizo ni kwamba mkae pamoja, watu wote wa nyumba, mkubaliane sasa hivi yapi yanaruhusiwa na yapi hayaruhusiwi. Mbwa wa kilo 4 akirukia kiti watu hucheka na kumbeba. Mbwa wa kilo 46 akigundua kwamba baba anakataza na mama anaruhusu, atajaribu kila siku, na kila jaribio litakuwa na uzito wa kilo 46. Hamtaweza kumshinda kwa nguvu, wala hamhitaji kumshinda. Mnachohitaji ni mazoea yasiyobadilika, chakula kwa saa ile ile, matembezi kwa saa ile ile, neno moja kwa jambo moja, kwa sababu mbwa huyatii mazoea kuliko anavyoitii mikono yetu. Najua methali ya samaki mkunje angali mbichi imewavunja moyo wengi waliomchukua mbwa mzima, lakini kwa mbwa haina ukweli. Mbwa wa miaka minne hujifunza, na mara nyingi hujifunza kwa utulivu kuliko mtoto wa mbwa, kwa kuwa anaweza kuweka akili yake mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 68. Jike wangu, niliyemchukua miezi minne iliyopita, ana kilo 52 na moyo wa dhahabu, lakini tukitoka nje ananivuta kama ng'ombe wa plau. Mwezi uliopita alimwona paka, akanivuta hadi nikaanguka kwa magoti. Wanangu wanataka nimrudishe kituoni. Muuza vifaa mmoja amenishauri ninunue mnyororo unaokaza shingo. Nifanye nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa magoti hayo. Nakusihi usiununue mnyororo huo. Jike wako ana miguu minne ardhini, nawe una miwili; mnyororo hauwezi kusawazisha hesabu hiyo, bali unahamishia maumivu kwenye koo lake. Tena mbwa huunganisha maumivu na kile anachokiona wakati huo. Akiumizwa shingo kila paka anapotokea, hatajifunza kukutii wewe, bali atajifunza kwamba paka huleta maumivu, na safari ijayo atamwendea paka kwa hasira badala ya udadisi.

Kinachofaa ni mkanda wa kifuani wenye pete ya kufungia kamba mbele, penye mfupa wa kifua, si ule wenye pete mgongoni peke yake. Kamba ikifungwa mgongoni, mbwa hulalia mkanda kwa kifua chake chote na kuvuta kwa raha, kama mnyama wa mkokoteni. Ikifungwa mbele, kila anapovuta mwili wake unageuzwa ubavu na kuelekezwa kwako, hivyo nguvu zake zinapotea bila yeye kuumia. Kamba iwe ya kawaida, ya urefu wa mita 2 hivi, wala si ile inayojikunja na kujikunjua ndani ya mpini, kwa kuwa hiyo humfundisha kwamba akivuta anapata nafasi zaidi. Na tafadhali, usiizungushe kamba kwenye kifundo cha mkono. Ishike kiganjani, ili siku ikibidi kuiachia uweze kuiachia. Nimewaona watu waliovunjika vidole kwa sababu ya kamba iliyozungushwa.

Mazoezi yaanze ndani ya nyumba, mahali pasipo paka wala majirani. Mvike mkanda akiwa ametulia tu, miguu yote minne ikiwa chini. Akianza kurukaruka, weka kamba mezani, kaa kitini, ungoje. Akitulia, inuka tena. Siku ya kwanza zoezi hilo peke yake laweza kuchukua dakika ishirini na msifike mlangoni, nalo ni somo kamili. Mkianza kutembea, kamba ikikaza simama pale pale bila kumvuta na bila kusema neno. Atageuka kukutazama, kamba italegea, na papo hapo mpe kipande kidogo cha chakula karibu na paja lako, kisha endelea. Somo analolipata ni kwamba kamba iliyolegea inafungua njia na kamba iliyokaza inaifunga. Litachukua wiki kadhaa, na litavunjika siku yoyote utakayomruhusu avute kwa sababu una haraka.

Kuhusu paka, jifunze kuutazama mdomo wake. Jike anayetembea kwa raha huwa ameuacha mdomo wazi kidogo, ulimi unaonekana. Akiona kitu kinachomvuta, mdomo hufungwa ghafla, masikio husogea mbele na shingo hukakamaa, na kati ya hapo na kuruka kuna sekunde moja au mbili. Hizo ndizo sekunde zako. Geuka naye na kuondoka upande mwingine mdomo unapofungwa tu, ukimwita kwa furaha na kumpa chakula anapokufuata. Ukingoja hadi aruke, umechelewa, na hakuna kifaa kitakachokusaidia.

Mwache pia anuse. Matembezi ya nusu saa yenye kusimama kwenye kila mti humchosha mbwa mkubwa, na kumtuliza, kuliko mwendo wa haraka wa muda huo huo, kwa sababu kunusa ni kazi ya akili. Tokeni mapema asubuhi au jioni. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na mwili mkubwa hupoa polepole. Kama lami inakuunguza unapoweka nyuma ya kiganja chako kwa sekunde saba, inamuunguza naye nyayo.

Kwa wanao nina neno la kati. Hawakosei kuogopa, mtu wa umri wako akivunjika nyonga, jambo hilo ni zito. Basi kwa miezi miwili hii mmoja wao amtoe njiani, nawe uendelee kumfundisha ndani na uani mpaka kamba izoee kulegea mkononi mwako. Huko si kushindwa. Mbwa ni wako kwa sababu unamfundisha na kumtunza, hata kama mwingine ndiye anayemzungusha mtaani kwa sasa.

SWALI: Mbwa wetu alikuwa amelala zuliani, mwanangu wa miaka mitano akamkumbatia shingoni, naye akanguruma. Nilimpiga mbwa palepale. Jirani anasema kupiga hakutoshi. Nimlaze chali na kumkandamiza mpaka akubali kwamba mimi ndiye bwana. Nimeogopa, na sijui kama tuendelee kukaa naye.

JIBU: Mama, nitasema bila kuzunguka kwa kuwa jambo hili linamhusu mtoto. Mngurumo si utovu wa adabu. Ni onyo, na mbwa anayeonya ni salama kuliko mbwa aliyefundishwa kunyamaza. Ukimpiga kwa sababu ya kunguruma, hofu au maumivu yaliyomfanya angurume yanabaki pale pale. Kinachoondoka ni sauti peke yake, na siku nyingine atauma bila kutanguliza neno. Usijitese kwa kosa la mara moja lililotokana na hofu ya mzazi, ila usilirudie.

Na tafadhali usiufuate ushauri wa jirani, hata kama ameutoa kwa nia njema. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha maelezo kuhusu mbwa mwitu wa nchi za baridi waliokuwa wamefungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama wale walikuwa wamewekwa pamoja bila nafasi ya kuachana, akawaona wakigombania ukubwa, na baadaye watu wakalihamishia wazo hilo kwa mbwa wa nyumbani. L. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyechangia sana kulieneza, aliandika mwaka 1999, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu walio huru, kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia, yaani baba, mama na watoto wao, wala si watu wanaopigania cheo. Mbwa wako hakunguruma kwa kutaka utawala wa nyumba. Alinguruma kwa sababu aliamshwa usingizini na mikono iliyomkaba shingo. Ukimlaza chali mbwa mwenye hofu na kuinamisha uso wako juu ya meno yake, unamlazimisha kuchagua kati ya kuvumilia na kuuma.

Yaelekea alikwisha kusema mengi kabla ya mngurumo ule, isipokuwa hakuna aliyeyasoma. Mbwa asiyetaka kuguswa hugeuza uso pembeni, hujilamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, na huangaza kwa pembe ya jicho hadi weupe wa jicho unaonekana. Mwili wake hukakamaa, hata pumzi unaona zimesimama. Jifunze dalili hizo, kisha mfundishe mtoto hata mbili tatu. Watoto wa miaka mitano wanazikamata haraka kuliko tunavyodhani.

Kwa mtoto, sheria ziwe chache na zisiwe na mjadala. Mbwa aliyelala, anayekula au anayetafuna haguswi. Mbwa hakumbatiwi shingoni, hata na anayempenda sana. Mtoto akimtaka, amwite. Mbwa akija, amkune kifuani au begani, ahesabu mpaka tatu, kisha aondoe mkono. Mbwa akisogea karibu zaidi, ameomba aendelee. Akitazama pembeni au akiondoka, amesema basi, na anaachwa aende. Mbwa awe na mahali pake ambapo mtoto haingii kabisa. Na mtu mzima awepo chumbani nyakati zote, akiwa anatazama kweli, si akiwa na simu mkononi; akitoka hata kidogo, mbwa au mtoto anatoka naye.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo aangalie masikio, meno na nyonga zake, kwa kuwa mbwa wengi wakubwa wenye maumivu huyaficha mpaka mtu awaguse mahali penyewe. Ukifuata haya na bado akamngurumia mtoto aliye mbali naye, au akampigia meno hewani, watenganishe kwa mlango uliofungwa na umtafute mtaalamu wa tabia za mbwa kabla ya siku hiyo kuisha. Sikuambii umwondoe nyumbani kwa mngurumo huu mmoja. Ningelikuwa mimi, nisingemwondoa.

SWALI: Mbwa wetu hula mara moja kwa siku, bakuli zima, na humaliza kabla sijafika mlangoni. Rafiki amenishauri niweke bakuli juu ya kistuli ili mbwa asiiname. Je, kinasaidia?

JIBU: Kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama Great Dane, Saint Bernard au German Shepherd, uwezekano ni kwamba kinamwongezea hatari. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia mbwa wakubwa na ukakuta kwamba bakuli lililoinuliwa na ulaji wa haraka viliambatana na ongezeko la ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda. Basi lirudishe bakuli sakafuni, isipokuwa kama daktari amekuagiza vingine kwa sababu ya shingo au viungo. Kigawe chakula hicho hicho mara mbili au tatu kwa siku, ukitandaze kwenye sinia pana ili alazimike kukitafuta, na umwache apumzike baada ya kula badala ya kukimbia.

Dalili za ugonjwa huo kila mwenye mbwa mkubwa anapaswa kuzijua kwa moyo. Mbwa hutaka kutapika tena na tena na hakuna kinachotoka ila udende, tumbo huvimba na kuwa gumu nyuma ya mbavu, hatulii, analala na kunyanyuka, anautazama ubavu wake, fizi hupauka. Ukiyaona hayo saa nane ya usiku, ondoka saa nane hiyo hiyo ya usiku. Usingoje kupambazuke na usimpe dawa ya tumbo ya watu, kwa kuwa tumbo lililojipinda huua ndani ya saa chache na tiba yake ni upasuaji. Unaweza pia kumuuliza daktari kuhusu upasuaji mdogo wa kulishikiza tumbo kwenye ukuta wa ndani ili lisijipinde, ambao mara nyingi hufanywa wakati mmoja na kuhasi.

Na kwa kuwa mbwa wa kimo hicho anafikia meza bila hata kuruka, usiache juu yake chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu, wala kitu chochote kilichotiwa zailitoli, yaani utamu unaotumiwa badala ya sukari. Vyote hivyo ni sumu kwake.

SWALI: Kituo tulichomchukua hakikuwa na kumbukumbu zozote za chanjo zake. Anaonekana mwenye afya. Je, tungoje?

JIBU: Msingoje hata wiki moja. Mhesabuni kuwa hajachanjwa. Mbwa aliyechanjwa akichanjwa tena kwa kawaida hadhuriki, ilhali asiyechanjwa anaiweka nyumba nzima hatarini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu kila mmoja hufa. Mtu akiumwa na mbwa asiyejulikana hali yake, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Daktari wa mifugo atamchanja mbwa wenu pia dhidi ya maradhi mengine ya mbwa, atampa dawa ya minyoo na kupima damu kama ameshuku homa za kupe. Kupe wenyewe watafuteni kwa vidole kila jioni ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo na katikati ya vidole vya miguu. Kwenye manyoya mazito macho hayawaoni.

SWALI: Anawarukia wageni kwa furaha, na wageni hawaifurahii. Tumemkaripia mpaka tumechoka.

JIBU: Kukaripia, kumsukuma na kumshika miguu kwake ni mchezo, kwa sababu amepata alichokitaka, yaani kuangaliwa. Mfungeni kamba kabla mgeni hajaingia, mgeni amgeuzie mgongo akiruka na amsemeshe akiwa na miguu minne chini. Mgeni anayemwogopa mbwa asilazimishwe kumzoea. Mbwa akae chumba kingine na mgeni anywe chai yake kwa amani.

SWALI: Tulimchukua akiwa na miaka saba, sasa ana tisa. Kila asubuhi ananyanyuka kwa shida, viwiko vyake vimeota sugu, na amekuwa akiogopa sakafu ya vigae. Binti yangu wa miaka kumi ameniuliza ataishi mpaka lini. Nimwambie nini, na nimfanyie nini mbwa huyu?

JIBU: Kwanza pokea shukrani zangu, kwa kuwa wanaokwenda kituoni na kumchagua mbwa mkubwa wa miaka saba ni wachache mno. Kadiri mbwa anavyokuwa mkubwa wa umbo, ndivyo maisha yake yanavyokuwa mafupi. Great Dane mara nyingi hazidi miaka 10, wakati mbwa wadogo wengi hufika 14 au zaidi. Wa kwako, kama ni wa umbo hilo, ni mzee. Mwambie binti yako hivyo hivyo, kwa maneno rahisi, kwamba mbwa ni mzee, kwamba hakuna ajuaye siku, na kwamba mwili wake unauma asubuhi. Mtoto wa miaka kumi akifichwa huhisi tu kwamba kuna jambo, akabaki na hofu peke yake.

Kunyanyuka kwa shida si uzee mtupu usio na tiba. Mara nyingi ni maumivu ya nyonga au viungo, na daktari wa mifugo anazo dawa zake za kuyapunguza. Usimpe kamwe dawa za maumivu za watu, hasa ibuprofeni, ambayo humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Muulize daktari kuhusu uzito pia. Pitisha vidole ubavuni mwake: unapaswa kuzihisi mbavu bila kukandamiza, na kama huzihisi, kila kilo utakayompunguza ni kilo ambayo nyonga hazitaibeba tena.

Sugu za viwiko hutokana na uzito wake mwenyewe kukandamizwa sakafuni kwa miaka. Mtafutie godoro nene, lisilodidimia hata ukiliminya kwa goti, naye atalizoea ukiliweka mahali anapopenda kulala tayari. Sugu kavu si ugonjwa. Ikipasuka, ikivimba au ikitoa maji, apelekwe kwa daktari. Kuhusu vigae, hakuogopa bure. Pengine alikwisha kuteleza, na mbwa aliyeteleza mara moja hukaza misuli kila akanyagapo hapo, akazidi kuteleza. Mkate kucha, kwa kuwa kucha ndefu huinua vidole na nyayo hazishiki sakafu. Ukisikia zinagonga anapotembea, zimekwisha kuwa ndefu. Kisha tandika vipande vya zulia lenye mpira chini kutoka godoro lake hadi mlango wa nje, bila kuacha pengo, na akipanda ngazi mpitishie taulo chini ya tumbo ulishike kwa juu kama mpini, umwongezee nguvu nyuma.

Binti yako mpe kazi moja katika haya, iwe yake peke yake. Kila asubuhi, kabla mbwa hajaanza kuhangaika kusimama, aipitie njia ile ya zulia kuhakikisha hakuna kipande kilichosogea usiku, kisha akae karibu naye chini na kumkanda mapaja polepole kwa dakika chache mpaka misuli ipate joto, ndipo amwite kwa jina lake waende nje pamoja.